Paa la Gari Dogo la Tata Oswald

Ipo siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata moto, na hadi leo nikiisikia mahali, hata kama ni mtu tu kachoma mfuko wa takataka, huacha ninachofanya nikakimbilia jikoni. Kaa nikueleze. Mimi sina haraka, na wewe huna pa kwenda, maana upepo wa leo hapa Sumbawanga hauruhusu mtu mwenye akili zake atoke nje.

Unayaona yale magari pale dirishani. Ni kumi na moja. Watu wanaokuja kushonewa nguo huyatazama, kisha hunitazama mimi, bibi mwenye miwani na mvi, halafu huuliza ni ya mjukuu yupi. Nawajibu ni yangu. Wengine hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kufungua boksi la gari kama haya hajui anachokicheka. Ukilifungua hukuti gari. Unakuta fremu za plastiki, na kwenye kila fremu vimening'inia vipande vidogovidogo, kila kimoja na namba yake: usukani, kitasa, kioo cha pembeni, taa isiyozidi punje ya mchele. Karatasi ya michoro inakuelekeza namba kumi na nne iingie kwenye namba kumi na tano. Ina maana huko kiwandani yupo mtu aliyekaa akapima gari zima, kuanzia bampa la mbele hadi mkia, akalipunguza likawa dogo mara ishirini na nne bila kuacha kitu. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliomba nielezwe tena. Mjukuu wangu aliyeko Dar es Salaam hunitumia boksi jipya kwa basi kila ikikaribia Pasaka, na kila ninapolifungua moyo hunienda mbio.

Aliyenielezea ni Tata Oswald. Tata ni baba kwa Kifipa chetu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa watoto wake wa kuzaa walikuwa wawili tu. Aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu pamoja na binti yake mkubwa, dada Gaudensia. Mke wake alikwisha kufariki. Miaka yote ya nguvu zake alikuwa dereva wa misheni, na gari lake lilikuwa landrova ya rangi ya majivu. Alishuka nalo Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaoangukia bonde la Rukwa, akaenda Muze, akaenda Mtowisa kwenye joto na matope, akapandisha huku juu magunia ya mchele, mapadri, wagonjwa na akina mama walioshikwa na uchungu. Baadhi yao walijifungua njiani. Nenda Muze leo uulize wazee, utashangaa watoto waliozaliwa kwenye lile gari.

Kisha macho yake yakashikwa na presha ya macho. Akakabidhi funguo. Lile gari nalo likachoka, likauzwa vipande, na mtu aliyekuwa akijulikana toka Namanyere hadi ziwani akawa anakaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, mikono magotini.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na moja, na cherehani yangu ilikuwa barazani kwenye duka la mjomba. Nilikuwa na mdomo, wala sikatai, lakini nilikuwa na mikono pia. Nilitia uzi kwenye sindano bila kuulamba na bila kuangalia mara mbili. Wateja walinisifu mbele za watu, na sifa ukiwa na umri ule huingia kichwani zikajenga nyumba. Mimi zilijenga ghorofa. Nikajiona ni mtu ambaye hakosei.

Siku moja Tata Oswald aliniita. Mapajani alikuwa na boksi lenye picha ya landrova ya rangi ya majivu. Lilitoka Ulaya, kwa padri mmoja mzee aliyezunguka naye bondeni miaka mingi kabla hajarudi kwao. Padri alilikuta dukani, akamkumbuka, akalituma.

"Leokadia," aliniambia, "wanasema mikono yako haitetemeki. Nataka uniunganishie gari."

Nilifungua, nikaona zile fremu na vile vipande. Nikamwuliza, kwa ule mdomo wangu, mtu mzima atafanya nini na gari la mtoto.

Hakukasirika. Aliniomba nichukue gazeti, nilikunje liwe bomba jembamba, nitazame barabarani kwa jicho moja na jingine nilifumbe. Nikafanya hivyo. Kulikuwa na mtu anapita na baiskeli karibu yetu. Niliona gurudumu, kisha goti, kisha kitu cha bluu, basi. Nikamtazama Tata kwa lile bomba nikaona pua na nusu ya mdomo.

"Hivyo ndivyo ninavyoona," alisema. "Gari kubwa haliniingii machoni. Nikisimama mbele yake naona taa moja. Sasa chukua boksi la uzi ulilokuja nalo, lishike mbali, mkono wako ukiwa umenyooka. Tazama kwa bomba."

Nilitazama. Boksi liliingia lote, pembe zote nne.

"Umeona," alisema. "Padri hakujua alichonitumia. Miaka yote ile nilikaa ndani ya lile gari, nikaliangalia kwa ndani, nikaliangalia nikiwa chini yake na spana. Sikuwahi kusimama nikaliangalia lote kama mtu anavyoiangalia nyumba yake. Hili dogo nitaliona lote kwa mara moja. Lakini daktari kaniambia hili tundu linaendelea kuziba, na hakuna ajuaye litaziba siku gani."

Mwanangu, nilishusha lile gazeti na ile kejeli yangu sikuiona tena ilikokwenda. Nilishikwa na kitu kama hofu, kama ile inayokushika kanisani kabla kengele haijalia. Mtu alikuwa ameniambia ana tundu moja limebaki la kuiona dunia, na kitakachoingia humo kiko mikononi mwangu. Nikasema ndiyo kabla hajaomba mara ya pili.

Tulianza mwezi wa tano. Kila nikitoka kazini nilikwenda kwao, nikakaa naye pale nje mpaka mwanga upungue. Vipande nilivikata kwa wembe, nikavisugua kwa msasa, nikavishika kwa kibano cha kutolea miiba. Gundi ya kazi hiyo ni ya ajabu. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, na zikigusana zinakuwa kitu kimoja, hazirudi nyuma. Kwa hiyo Tata hakuniruhusu kutia gundi kabla sijajaribisha kipande kikavu, mara mbili, mara tatu, kisha nimpe akishike. Nilimnung'unikia. Alisema dereva anayeshuka Lyamba hujaribu breki akiwa bado huku juu, nami nikakijaribisha tena kikavu.

Na kila kipande kilikuja na habari yake. Nikimpa gia, anaeleza ile gia ilivyokuwa ikigoma mvua za mwezi wa tatu. Nikimpa gurudumu la spea, linalokaa juu ya boneti, anaeleza siku waliyolitumia kuwa meza ya kusomea misa bondeni baada ya kukwama kwenye matope. Kuna kitu kimoja nilikaribia kukikosea. Boksi lilikuwa na dashibodi mbili, ya usukani wa kushoto na ya usukani wa kulia, na mimi nilikwishachovya gundi kwenye ile ya kushoto. Alisikia nimenyamaza, akaniuliza nimeshika namba ngapi. Nilipomwambia alicheka hadi akakohoa, akasema nikimwekea usukani wa Ulaya atatumbukia korongoni kabla ya kona ya kwanza. Siku zile ziliniponya kiburi kidogo. Laiti zingenimalizia.

Kufikia mwezi wa saba sehemu ya chini ilikuwa tayari: injini, viti, magurudumu yanayozunguka. Ilibaki bodi, yaani milango, madirisha na paa, kipande kimoja kikubwa ambacho kilitakiwa kupakwa rangi. Rangi ililetwa humohumo kwenye boksi, kikopo kidogo tu. Tata aliagiza nipake nyepesi, niache siku mbili tatu, nipake tena. Bodi nikaichukua nyumbani kwetu, maana chumbani kwangu kulikuwa hakuna vumbi.

Wewe umezaliwa huku, huna haja ya kuambiwa mwezi wa saba wa Ufipa ulivyo na baridi. Rangi haikukauka. Siku ya tatu niliigusa ikaacha alama ya kidole. Na Ijumaa yake nilipokwenda kwa Tata, nilimkuta anapapasa mezani akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake kabisa. Dada Gaudensia alinitazama, akatikisa kichwa. Nikaona tundu linaziba, na rangi haikauki, na mimi ndiye fundi. Nikajisemea Jumapili baada ya misa gari hili atakuwa nalo mkononi.

Sasa huku kwetu, kipindi cha baridi, nguo za mtoto mchanga hazingoji jua. Jiko la mkaa linafunikwa tenga, nguo zinatandazwa juu ya tenga, na baada ya muda zimekauka na zina joto zuri. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Jumamosi ile nikafanya hivyohivyo. Nikafunika jiko, nikaiweka bodi ya lile gari juu ya tenga, nikaona nina akili kuliko Tata, kuliko padri, na kuliko waliochora ile karatasi. Akaja mteja kuchukua sare ya mwanawe. Tukaongea. Unajua ninavyoongea.

Harufu ndiyo iliyoniita. Nilikimbia nikakuta paa limelala upande mmoja, nguzo za mlango zimelegea, rangi imefanya malengelenge. Niliikamata kwa mikono mitupu, ikaniunguza, nikaishikilia hivyohivyo kana kwamba ningeizuia. Ilipopoa ilikuwa imekwisha kuwa hivyo.

Mpaka hapo, mwanangu, sijafanya kosa la kunisumbua uzeeni. Kuunguza kitu cha watu ni ajali ya kila nyumba. Kosa langu lilianza nusu saa baadaye, nilipoifunga ile bodi kwenye kitambaa, nikaitia chini kabisa kwenye sanduku langu la nguo, nikanawa uso.

Jumapili Tata aliniuliza. Nikamjibu, "Rangi bado haijakauka, Tata."

"Baridi hii," alisema, "naijua."

Nilipanga mambo kama waziri. Kwanza nitainyoosha mwenyewe. Nikaitia kwenye maji ya moto, nikaivuta, nguzo moja ikakatika. Basi nikaandika barua kwa padri Ulaya, nikaipeleka parokiani wanisaidie kuituma, nikaomba bodi nyingine. Niliamini italetwa upesi, nitaipaka rangi, nitampa Tata gari lililonyooka, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nikililia lile gari, lakini nikikueleza ukweli, nililia zaidi jina langu. Mikono isiyotetemeka. Nani angesema tena?

Wiki zikapita. Barua za wakati ule zilikwenda kama zinatembea kwa miguu. Rangi yangu haikukauka mwezi wa saba wote. Haikukauka mwezi wa nane. Nilianza kupita nyuma ya nyumba zetu, kwenye kijia cha kwenda kisimani, ili nisipite mbele ya kile kiti cha kamba. Siku nilizoshindwa kukwepa nilisema nina kazi nyingi, nikasingizia harusi, nikasingizia sare za shule. Mwezi wa tisa ukaingia, watu wanachoma majani mashambani, jua linawaka, na mimi bado nilikuwa na rangi mbichi. Hata mtoto asingeniamini. Tata alijibu tu, "Haya, mwanangu." Na wakati wote huo ile sehemu ya chini, yenye magurudumu, alikuwa nayo. Gaudensia alikuja kuniambia baadaye kwamba kila asubuhi baba yake aliishika mbele ya uso, mkono ukiwa umenyooka, akaitazama mpaka mkono uchoke.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi Gaudensia alinifuata barazani. Nilikuwa nashona. Hakuketi.

"Leokadia, siku nyingi hujafika."

"Kazi, dada."

"Baba anakuulizia. Tangu Jumatano haoni."

"Haoni vipi?"

"Haoni. Aliamka akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Na dirisha lilikuwa wazi."

Nilisimamisha cherehani. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba mteja alinisemesha nikampita, na kwamba nilitembea barabara ya mbele, mchana kweupe, mbele ya macho ya kila mtu, nikaingia kwetu nikalifungua sanduku. Nikaitoa ile bodi na kitambaa chake. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nilikuwa na haraka ya kufika kwa Tata, na haraka yenyewe haikuwa na kazi tena.

Alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Huyo ni Leokadia. Rangi imekauka?"

Aliuliza kwa wema kabisa. Nilijibu imekauka. Nikachukua ile sehemu ya chini mezani, nikaibandika bodi juu yake, ikakataa kukaa kwa sababu ya kupinda, nikaibana kwa nguvu ikaingia. Nikamwekea gari mapajani.

Nataka nikueleze nilichokiona, ingawa sijui kama nitaweza. Dereva mzuri, kabla ya safari, hulizunguka gari lake. Hugusa taa, hubonyeza gurudumu, huchungulia chini. Vidole vya Tata vilianza bampani, vikasimama kwenye taa ya kulia, vikashuka gurudumuni vikalizungusha, vikapanda bonetini kwenye spea, vikapita mlango wa dereva, vikatafuta kitasa, na kitasa hicho, mwanangu, ni kitu ambacho mimi mwenye macho hukipoteza mezani. Kila alipofika alitaja jina. Alitaja taratibu, kama anayeita majina ya watoto wake. Nilikuwa nimepiga magoti pale chini na mwili umenisisimka, kwa sababu nilimwona kabisa mtu mzima anatembea kulizunguka landrova asubuhi, na gari zima lilikuwa linaenea kwenye viganja viwili. Sijaona tena kitu cha namna ile. Hata kanisani sijaona.

Vidole vikafika juu. Vikasimama.

"Paa limelala," alisema. "Upande wa abiria."

"Ndiyo, Tata."

"Lilianguka?"

Nikamweleza. Jiko, tenga, mteja, sanduku, barua ya Ulaya, kijia cha kisimani. Sikujipunguzia kitu. Alinisikiliza huku kidole gumba kinapita palepale kwenye bonde la paa, kinakwenda na kurudi.

"Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa saba, Tata. Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili uliyoniuliza."

Kidole gumba kikasimama. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwezi wa saba nilikuwa naona," alisema Tata.

Afadhali angenipiga. Afadhali angepaza sauti majirani wakatoka. Aliongea kama anavyomwelekeza mtu njia.

"Lile gari lenyewe lilipinduka, mwanangu. Kona ya pili ukishuka Muze. Paa lilibonyea, tukalinyoosha kwa nyundo na gogo, halikunyooka sawasawa. Nililiendesha hivyo limepinda mpaka siku ya mwisho. Ungeniletea jioni ileile, ningelitazama, ningecheka, ningekwambia umelipatia. Na ningekuwa nimeliona. Plastiki si kitu. Wewe uliogopa nitakuona umekosea, ukanifichia gari mpaka macho yakaisha."

Nililia. Aliniacha nilie, hakunibembeleza na hakunifukuza. Nilipotulia kidogo aliongeza jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha usiku hadi leo.

"Na kule nyuma, nikiwa uani, nilikuwa nakuona ukipita. Ukiwa mbali hivyo ulikuwa unaingia wote kwenye tundu, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. Nikadhani umechoka kukaa na mzee."

Ndicho alichokiona, mwanangu, wiki zake za mwisho za kuona. Badala ya gari lake, aliniona mimi nikimkimbia.

Alinisamehe. Alisema neno hilo kwa mdomo wake, siku hiyohiyo, na akaniambia nisipite tena njia ya nyuma. Nilikwenda kwake kila siku baada ya kazi kwa miaka minne aliyobakiza. Alikuwa analiweka lile gari gotini, anashuka nalo Lyamba kwa vidole, ananitajia kila kona na kila mtu aliyekuwa amembeba, na mimi niliyekuwa na macho mazima nilikuwa sioni hata robo ya alivyokuwa akiona yeye. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Boksi la padri lilifika mwezi wa pili, na bodi mpya ndani yake, imenyooka, paa safi, kama nilivyoomba. Nililishika mkononi nikiwa nimesimama nje ya parokia, na sikuwa na wa kumwonyesha. Lile lililopinda alibaki nalo Gaudensia. Wajukuu wake huko Namanyere wamelichezea mpaka limepoteza gurudumu, nami nimewaambia wazazi wao wasiwakataze.

Sasa sikia ninachotaka uondoke nacho. Utaharibu vitu. Utaunguza, utakata kitambaa vibaya, utaanguka mtihani, utapoteza kitu cha mtu aliyekuamini. Usipoteze muda kujishangaa. Lakini siku hiyohiyo, kikiwa bado kinafuka moshi, kichukue hivyo kilivyo umpelekee mwenyewe. Usikisubirishe mpaka ukitengeneze. Usiandike barua Ulaya kwanza. Wewe unadhani unachokificha ni kitu kilichoharibika, na kumbe unauficha muda wa mtu, na hujui amebakiwa na muda kiasi gani. Anaweza kuwa anaona leo na kesho asione. Anaweza kuwa mama yako. Mimi nikikata gauni la mteja vibaya, na bado nakata vibaya, nalitundika pale mlangoni ili liwe la kwanza kuonekana akiingia. Wengine hunitukana. Wanitukane tu, mradi wameliona mapema.

Na yule unayemkwepa, hakuoni kama mtu aliyekosea. Anakuona kama mtu asiyemtaka. Hilo ndilo zito kuliko paa lolote.

Nenda basi, mwanangu, upepo umepungua. Mungu akupe mikono inayotulia, na akupe kazi ndogondogo za kukushangaza hadi uzeeni. Na siku mikono itakapokusaliti, maana itakusaliti, akupe miguu ya kufika kwa mwenye kitu kabla jua halijazama, umkute bado yuko mlangoni, bado anaona, na akutazame usoni.